Ule "mshipa" unaosema umeziba, ni mshipa upi hasa?

Kwenye grupu la familia yetu kuna meseji imezunguka karibu mwaka mzima, kila ikitulia mtu anaifowadi tena. Inasema ukihisi ganzi miguuni ujue mishipa ya fahamu imeziba, imejaa mafuta na gesi, kwahiyo chukua kitunguu saumu, tangawizi na limao, chemsha, kunywa siku 21 mishipa itafunguka. Nilikuwa naipita tu, mpaka yalipomkuta mama mkubwa.

Mama mkubwa ana kisukari, mwaka wa 11 huu. Ilianza ganzi kwenye vidole vya miguu, anasema ni kama anakanyaga pamba, halafu ikapanda taratibu mpaka kwenye vifundo. Majirani wakasema ni mishipa, akandwe, na sisi watoto wake tukasema hivyo hivyo. Kila jioni beseni, maji ya moto, chumvi, taulo. Sasa siku moja binti anayemkanda akaitwa nje, beseni limebaki na maji yaliyotoka kwenye moto sasa hivi, hayajachanganywa, mama mkubwa akatumbukiza miguu yote miwili akakaa anasubiri. Hakupiga kelele. Hakushtuka. Binti aliporudi ndo akaona ngozi inavyokuwa. Tulikaa hospitali wiki tano.

Kule wodini nesi alichukua kiuzi cha plastiki, kama mshipi wa kuvulia samaki, akamwambia, "Mama, fumba macho, ukisikia nakugusa sema ndiyo." Akamgusa sehemu ya mguu isiyoungua, akagusa pengine, akagusa pengine tena. Kimya. Baadae mama mkubwa akauliza, "Mwanangu, mbona huanzi?" Nilikuwa nimesimama pale na hilo swali sijalisahau, na tangu siku hiyo nimekuwa nasoma na kuwauliza wanaojua, maana niligundua sisi wote nyumbani tulikuwa tunatibu kitu ambacho hatujui hata ni nini.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Mshipa kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni vitu vinne tofauti. Kuna mshipa wa damu. Kuna mshipa wa fahamu, ambao vitabuni unaitwa neva. Kuna zile kamba unazozishika nyuma ya kisigino, au zinazocheza juu ya kiganja ukichezesha vidole, zile ni kano, zinashika msuli kwenye mfupa, basi. Halafu wazee wakisema fulani ana mshipa, mara nyingi wanamaanisha ngiri au busha. Vitu vinne, jina moja, kwahiyo mtu akikwambia "ni mshipa tu huo" bado hajakwambia kitu chochote.

Mshipa wa damu ni bomba, una tundu katikati, kitu kinapita ndani, na ndo maana unaweza kuziba kweli. Neva sio bomba. Neva ni waya, au niseme vizuri zaidi ni kebo, fungu la nyuzi nyembamba sana zilizofungwa pamoja. Kama umewahi kunywa supu ya mgongo wa mbuzi umeiona: ule utepe mweupe laini unaochomoka katikati ya pingili, ambao wengi tunauita uboho, ule sio uboho wa mfupa, ule ni ugwe mgongo, kebo kuu inayotoka kwenye ubongo. Kutoka hapo zinachomoka neva kwenda kila mahali, na ile kubwa kuliko zote inapita kwenye makalio kushuka mguuni, unene wake mwanzoni unakaribia wa kidole. Hakuna mafuta yanayoweza kujaa ndani yake kama uchafu unavyojaa kwenye bomba la sinki, na gesi haifiki huko kabisa.

Ila ile meseji inagusa ukweli kidogo sehemu moja, na lazima tuwe wakweli. Neva ina uhai, inakula, na inalishwa na vijimishipa vidogo sana vya damu. Vile vikiharibika neva nayo inateseka. Nitarudi hapo maana ndo habari ya mama mkubwa.

Sasa ndani ya hiyo kebo kila uzi ni mkono wa seli moja. Seli hiyo inaitwa nyuroni, au seli ya neva. Fikiria mti uliong'olewa na kulazwa chini: upande mmoja matawi mengi yanayopokea habari, kisha kiwiliwili chenye kiini cha seli, kisha shina moja refu la kupeleka habari mbele, na mwisho wa shina vimizizi vinavyoigusa seli inayofuata, au msuli. Kichwani peke yake zipo kama bilioni 86. Kinachonishangaza mimi lakini sio idadi, ni urefu. Seli nyingi za mwili huzioni bila darubini, lakini nyuroni inayopeleka amri kwenye vidole vya mguu, mwili wake upo mgongoni kwenye kebo kuu na mkono wake unafika mpaka chini, kama mita moja kwa mtu mzima. Seli moja, mita moja. Shika hili.

Nyingine ya kushika ni kwamba waya hizi zina njia mbili. Zipo za kuleta habari ubongoni (moto, baridi, kuguswa, maumivu) na zipo za kupeleka amri kwenye misuli. Zinaweza kusafiri kwenye kebo moja lakini sio waya uleule, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki. Mtoto aliyepata polio, virusi vimeua zile za amri, mguu haunyanyuki lakini ukimchoma sindano analia vizuri tu. Mama mkubwa alikuwa kinyume chake, anatembea mpaka sokoni na kurudi, ila habari kutoka nyayoni haifiki. Na sisi tulikuwa tunasema "mbona anatembea, hajapooza, sio kitu kikubwa."

Habari yenyewe inasafiri vipi? Wengi tumesikia mwili unatumia umeme, na ni kweli, ila sio umeme wa nguzo. Umeme wa neva unatokana na chumvi. Nje ya nyuroni kuna sodiamu nyingi, hiyohiyo iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na ndani kuna potasiamu nyingi. Kwenye utando unaoizunguka seli kuna vipampu vinafanya kazi usiku na mchana, vinatoa sodiamu tatu nje, vinaingiza potasiamu mbili ndani, bila kupumzika hata ukiwa umelala fofofo. Hiyo kazi inakula nguvu sana na ni sababu moja kubwa ubongo wenye uzito usiozidi sana kilo moja na nusu unakula kama asilimia 20 ya nguvu za mwili mzima uliopumzika. Matokeo yake ndani ya seli panakuwa na chaji hasi kulinganisha na nje, tofauti kama milivolti 70, ndogo mara 20 hivi ukilinganisha na betri ya rimoti. Ni kidogo, lakini kipo tayari muda wote, kama mtego uliotegwa.

Ukiguswa, milango midogo kwenye utando huo inafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, pale mahali panageuka chanya kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kule kugeuka kunafungua milango ya jirani, na jirani anafungua ya jirani yake. Umeshaona vijana wanavyomwaga zege ghorofani? Wamejipanga ngazi nzima, karai linapita mkono kwa mkono mpaka juu. Hakuna kijana anayetoka chini akafika juu, kila mmoja yupo palepale, kinachopanda ni karai. Na kwa sababu kila mmoja anatia nguvu yake mpya, karai linafika juu na uzito uleule. Hii ndo tofauti na umeme wa mtaani, ambao ukiwa unakaa mwisho wa laini unajua taa zinavyofifia jioni. Kwenye neva nzima hakuna mwisho wa laini, habari ya kidole cha mguu inafika na nguvu ileile ya habari ya shavu.

Haya yalijulikana kwa ngisi. Ngisi ana nyuzi chache za neva nene ajabu, moja inakaribia milimita nzima, unaiona kwa macho, anaitumia kujirusha maji akikimbia adui. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliingiza vipimo ndani ya uzi huo wakapima chumvi inavyoingia na kutoka, wakachapisha mahesabu yake 1952, na 1963 wakapata Nobel pamoja na John Eccles. Yani mpaka leo dawa nyingi za ganzi na za kifafa zinaelezwa kwa kutumia kitu kilichopimwa kwa mnyama ambaye pwani tunamkaanga.

Na pwani hiyohiyo kuna samaki mwingine anafundisha zaidi. Wavuvi wanamjua bunju, yule anayevimba kama puto, wazee wanakataza kumla na wako sahihi. Sumu yake inakaa kwenye ile milango ya sodiamu na kuifunga. Midomo inaanza ganzi, ulimi, vidole, kisha misuli haipokei amri, na mwisho misuli ya kupumua inasimama huku mtu anaweza kuwa bado anasikia watu wanaongea. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, tafadhali sana. Sasa sindano ya ganzi ya daktari wa meno inafanya karibu jambo lilelile, inafunga milango hiyohiyo, ila ni kwa kiasi kidogo, sehemu ndogo, na kwa muda. Kwahiyo hata "ganzi" ni neno moja kwa vitu vingi: kuna ya milango kufungwa, kuna ya waya kubanwa, kuna ya waya kuchakaa.

Ya kubanwa ndo ile ya kukalia mguu kwenye mkeka. Tunasema damu haipiti. Sio sahihi yote, kinachoteseka pale ni neva yenyewe, imebanwa yeye pamoja na vile vijimishipa vyake, ikashindwa kutuma. Ukinyoosha mguu inaamka vibaya, inatuma ovyo, ndo zile sindano sindano. Dakika chache imekwisha.

Hizo sindano zinahitaji maelezo kidogo maana watu wengi zinawatisha. Uzi wa neva haujui kutuma kidogo au kwa nguvu. Ama unatuma ama hautumi. Ukiguswa taratibu unabisha hodi mara chache kwa sekunde, ukibanwa na mlango unabisha mara nyingi sana, na ubongo unahesabu hodi. Sasa uzi uliojeruhiwa unaweza kuanza kubisha wenyewe bila mtu yeyote kuwa mlangoni. Ubongo haujui hilo, unapokea hodi kutoka waya wa moto, unasema moto. Kwahiyo mtu wa kisukari anaweza kulia usiku kwamba nyayo zinawaka na ukizishika ni za baridi kabisa. Hadanganyi, na hajarogwa. Mama mkubwa alilalamika hivyo miezi mingi na sisi tukawa tunamwambia ni joto la ndani, anywe maji.

Jambo hilohilo unaweza kulijaribu mwenyewe, au limeshakutokea. Ukigonga kiwiko upande wa ndani kwenye kona ya meza unasikia shoti inashuka mpaka kidole kidogo cha mkono. Kidole hakijaguswa! Neva ya kidole hicho inapita pale kiwikoni karibu kabisa na ngozi, umeigonga katikati ya safari, na ubongo unajua tu waya ni wa nani, haujui umeguswa wapi. Ndo maana mtu mwenye tatizo la pingili za kiunoni anaumwa kigimbi, anachua kigimbi mwezi mzima na hapati nafuu, maana waya umebanwa juu huku mgongoni. Mimi hii ilinifungua macho kuliko zote.

Kuhusu mwendo. Nyuzi nyingine zimevishwa koti la mafuta linaloitwa mailini, lina mapengo mapengo, na habari inaruka kutoka pengo hadi pengo. Za haraka kabisa kati ya hizo zinafika zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Nyingine hazina koti, zinaenda kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye stuli unajua kuna ule mshtuko wa kwanza, halafu kuna sekunde moja hivi ya kungoja, unajua kabisa inakuja, ndo yanafika maumivu yenyewe mazito. Hujakosea, ni waya mbili tofauti, mmoja wa haraka na mmoja wa taratibu, umesafiri mita moja na zaidi kuja kukwambia. (Na tazama, koti la neva ni mafuta. Ile meseji inayosema mafuta ndo adui wa mishipa ya fahamu imegeuza kitu kichwa chini.)

Sasa ukifika mwisho wa nyuroni moja, umeme unakwama. Kati ya nyuroni na nyuroni kuna pengo, linaitwa sinapsi, dogo kiasi kwamba mapengo elfu 50 ukiyapanga ndo upate milimita moja, lakini ni pengo. Fikiria ulikuwa unavuka Kigamboni kabla ya daraja: gari inafika Magogoni inasimama, unashuka unapanda pantoni, ng'ambo unapanda gari nyingine. Umeme unafika ukingoni, unaachia kemikali, kemikali inavuka, inagonga ng'ambo, umeme mpya unaanza. Aliyelithibitisha hili kwa jaribio maarufu ni Otto Loewi, kule Austria, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia ndotoni, akaliandika usiku, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake, usiku uliofuata ndoto ikarudi na safari hii akaamka akaenda maabara moja kwa moja. Alikuwa na mioyo miwili ya chura. Akashtua neva ya moyo wa kwanza ukapunguza mapigo, akachukua maji yaliyouzunguka akauwekea moyo wa pili, nao ukapunguza. Kwahiyo kuna kitu kimetoka kwenye neva kikaingia majini. Baadae kikatambulika, ni asetilikolini.

Kwanini nimekaa sana hapa kwenye pantoni? Kwa sababu hapa ndo zinapopita hatari zetu nyingi za kila siku. Kemikali ikishavuka lazima ifagiliwe, vinginevyo amri inaendelea kugonga bila kuacha. Dawa nyingi za kupuliza shambani, za kundi la oganofosfati, zinamuua huyo mfagiaji. Mkulima anayepuliza bila glovu wala barakoa, halafu anaanza kutoka mate, machozi, jasho, misuli inatetemeka, kifua kinabana, huyo hajashikwa na upepo wa shambani, sinapsi zake zimejaa. Avuliwe nguo, aoshwe, apelekwe hospitali na kopo la dawa, sio apewe maziwa na kusubiri.

Na pepopunda. Neva zina amri za "fanya" na zina amri za "tulia", na mwili wa kawaida ni mizani ya hizo mbili, ukikunja mkono msuli wa upande wa pili unaambiwa legea. Sumu ya pepopunda inapanda kwa ndani ya neva mpaka kwenye ugwe mgongo na kuzima zile za "tulia" peke yake. Zinabaki za "fanya", taya linakaza, mgongo unapinda kama upinde, na kichanga aliyepakwa vitu vichafu kitovuni anakakamaa hawezi kunyonya. Watoto wengi sana wamezikwa huku watu wanatafuta mchawi. Chanjo ipo.

Kifafa nacho kinatokea ubongoni pale mizani hiyohiyo inapokosekana kwa dakika chache. Kawaida seli za ubongo zinaongea kila moja kwa zamu yake kama sokoni, huku bei, huku salamu, kuna kelele lakini kazi inaenda. Kwenye kifafa kundi kubwa linapiga kelele moja kwa pamoja kwa mdundo mmoja, na mwili unatikisika kwa mdundo huo. Lile povu ni mate tu, haliambukizi, mshike mtu. Usimwekee kijiko mdomoni, utamvunja meno, na ulimi hauwezi kumezwa. Ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, angalia saa, ikipita dakika tano bila kuacha ni hospitali. Inaniuma sana kuona mtu kaanguka barabarani na watu wamesimama mita kumi kwa kuogopa mate.

Kiharusi ni tofauti tena, na hapa mishipa miwili inakutana: kinachoziba au kupasuka ni mshipa wa damu, kinachokufa ni seli za neva. Upande wa kulia wa mwili ukipooza jeraha mara nyingi lipo kushoto kwa ubongo, kwa sababu nyuzi za amri zinapishana pale ubongo unapoungana na mgongo. Watafiti walikadiria kwenye kiharusi kikubwa cha kuziba mtu anapoteza nyuroni kama milioni 1.9 kila dakika. Dakika! Na dawa ya kuyeyusha bonge la damu, mahali ilipo, inatakiwa ndani ya masaa kama manne na nusu. Sasa piga hesabu ya kumkanda mkono mpaka asubuhi tuone itakuwaje. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakakorogeka ghafla, ni gari, saa hiyohiyo.

Nirudi kwa mama mkubwa. Sukari ikiwa juu miaka mingi inachakaza vile vijimishipa vinavyolisha neva na inaudhi neva zenyewe. Uzi mrefu ndo unaotangulia kuumia, maana una njia ndefu ya kutunzwa na kila kinachohitajika mwisho wake lazima kisafirishwe. Ndo maana ganzi ya kisukari inaanza vidoleni mwa miguu, miguu yote miwili, inapanda kama soksi, na ikifika karibu na magoti ndo vidole vya mikono vinaanza. Ukiona inafuata njia hiyo wala huhitaji mganga wa kukwambia.

Kinachofuata ganzi ndo kinachokata miguu ya watu: msumari, kokoto ndani ya kiatu, malengelenge, mkaa, na hakuna habari inayofika. Wagonjwa wa ukoma zamani watu walisema vidole vinaanguka vyenyewe. Havianguki vyenyewe, bakteria wanaua neva, mtu anashika sufuria ya moto hajui, anajikata hajui, kidonda juu ya kidonda mpaka kidole kinakwisha. Maumivu tunayalaani lakini yale ndo mlinzi.

Na dawa? Neva za mwilini zikiumia kidogo zinaweza kuota tena, polepole sana, kama milimita moja kwa siku hali ikiwa nzuri, za ubongo na ugwe mgongo ni ngumu zaidi. Kwa kisukari kazi kubwa ni kushusha sukari ili kilichobaki kibaki. Kuna hii tabia ya kununua vitamini B duka la dawa kila mguu ukifa ganzi. Upungufu wa B12 kweli unaharibu neva, na hata metformin, ile dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi inaweza kuipunguza, kwahiyo ni jambo la kumuuliza daktari na kupima. Lakini B6 ikizidi sana kwa muda mrefu, yenyewe inaleta ganzi hiyohiyo uliyokuwa unaikimbia. Nimemkuta mama mmoja anakunywa vidonge vya aina tatu vyote vina B6 ndani, kila muuzaji kamuongezea chake.

Kitunguu saumu na tangawizi sina ugomvi navyo, weka kwenye mchuzi. Ugomvi wangu ni maji ya moto kwenye mguu usiosikia.

Siku hizi mama mkubwa ana kioo kidogo kitandani, kila usiku anatazama nyayo zake chini, na mjukuu anampapasa kati ya vidole. Viatu anavikung'uta kabla ya kuvaa. Na kabla ya kuoga haingizi mguu kwanza, anainama anachovya kiwiko kwenye ndoo, anahesabu moja mpaka tano. Waya wa kiwikoni ni mfupi, wenyewe bado unasikia.